Alama za Kamiyo ya Maji

Kwetu ukitaka kujua kama wageni wanakuja, humuulizi mtu. Unaangalia barabara. Ikiwa imelowa, wageni wako njiani.

Avenyu yetu hapa Likasi ni ya udongo mwekundu, na kamiyo za sosiete, malori ya kampuni ya migodi, zinapita juu yake toka asubuhi mpaka jua linazama, zimebeba mawe ya madini kupeleka kiwandani. Wakati wa mvua tunatembea kwenye tope, na hakuna anayelalamika sana, maana tope halipandi hewani. Lakini kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua ya kwanza, kila kamiyo inainua vumbi, na kabla vumbi halijashuka kamiyo ya pili inaliinua tena. Sombe, majani ya muhogo, tunaosha mara tatu na bado inalia kwenye meno. Nguo tunaanika safi, tunaanua udongo. Na sosiete iliahidi, mbele ya padri na mbele ya shefu wa mtaa, kwenye karatasi yenye mihuri minne, kwamba kamiyo ya maji itamwagilia barabara mara mbili kwa siku. Niliisoma karatasi ile kwa macho yangu, ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shefu. Mara mbili kwa siku. Nadhani walikuwa wanahesabu siku za wageni tu.

Binti yangu alikuwa ametimiza miaka miwili. Kikohozi chake kilianza pamoja na kiangazi, kikakaa. Muuguzi wa kituo cha afya, mama asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mgongo, kisha akaniuliza tunakaa wapi. Nilipoitaja avenyu aliweka kalamu chini. Alisema dawa atanipa, lakini dawa haiwezi kushindana na kamiyo, na kama kuna namna, nimtoe mtoto kwenye vumbi mpaka mvua inyeshe.

Mama mkwe wangu, tunayekaa naye ua mmoja, lupango moja, alikuwa na jibu kabla sijavua viatu. Mtoto aende Kapolowe kwa mama yangu mzazi, kwenye mashamba, akavute hewa ya watu. Miezi mitatu tu. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Likasi, ila wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, na katika ukoo wao kumtuma mtoto kwa bibi ni jambo dogo, kama kutuma chumvi kwa jirani. Jioni ile alitoa kibegi cha plastiki chenye maua, akakunja humo nguo nne, kikombe, na mdoli asiye na mkono, akakiweka nyuma ya mlango.

"Siku ya Mungu atapanda gari," alisema. "Weye utabakia na kulia, yeye atabakia na kupumua. Chagula."

Siku ya Mungu ni Jumapili. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua. Nilikuwa bado ninamnyonyesha, mara moja kwa siku, kwa kujificha, ingawa nilishatangaza mtaa mzima kwamba nimemwachisha. Sasa nitampelekaje Kapolowe? Nilimwambia mama mkwe kwamba kabla ya Jumapili kamiyo ya maji itaanza kupita kila siku, kama ilivyoandikwa. Akaniuliza nani ameniambia. Nikapandisha sauti.

Kesho yake shefu wa mtaa alipita na megafoni yake. Alitangaza kwamba Alhamisi, kwenye ukumbi wa parokia, atakuja mtu kutoka Lubumbashi kufanya evaliyasyo, yaani tathmini, ya matendo mema ya sosiete, na kwamba mtu huyo anataka kusikia maoni ya "parti prenanti". Tulitazamana. Shefu alishusha megafoni, akatufafanulia kwa mdomo mtupu: ni wale wote ambao kazi ya sosiete inawagusa.

Jirani yangu, mama muuza makala, makaa ya kupikia, alitoka na ndoo yake. Mtu huyu kazi yake imempaka weusi, na barabara imempaka wekundu juu ya weusi, huwezi kujua alizaliwa na rangi gani. "Shefu," alisema, "miye inanigusa ku pua. Uniandike."

Shefu alijibu kwamba orodha imeshajaa.

Niliifuata orodha mpaka ofisini. Alikuwemo mke wake, wadogo wawili wa mke wake, rais wa kwaya, mwenye duka la dawa, na wengine wa namna hiyo, wote wakaaji wa avenyu yake yeye, ambayo ina lami na haijawahi kuona kamiyo ya mawe hata kwa bahati mbaya. Kutoka kwetu, hata mmoja. Nilimuuliza sababu. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mbwa ambaye kamba yake imekatika.

"Mama, weye uko na kinywa. Bageni banakuya kusikia maoni, habakuye kusikia kinywa."

Lakini alihitaji wanawake wa kuimba. Hakuna mgeni anayepokelewa hapa bila nyimbo, na mke wake na wadogo zake, hata wakipiga kelele namna gani, ni watu watatu. Kwa hiyo alitangaza kwamba kila mama mwenye kikwembe, yaani kitenge, cha sosiete anaweza kuingia kuimba. Miaka miwili nyuma sosiete iligawa vikwembe kwa wanawake wa mtaa mzima, vya buluu, vyenye alama yake: kofia ya mgodini, jani la mti, na mikono miwili iliyoshikana. Waimbaji hawana maoni, ndivyo alivyofikiri.

Kikwembe changu kilikuwa dirishani. Nilikitundika kama pazia upande wa barabara siku nilipokipata, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee ambacho sosiete ilikuwa imetupatia dhidi ya sosiete. Tangu kiangazi kianze sikukifua. Buluu ilishakwenda zake, na ile mikono miwili ilionekana kwa shida, kama ya watu wanaozama. Mama mkwe alileta beseni na sabuni. Nilikataa. Nilikishusha taratibu, kama mtu anayeshusha trei ya mayai, nikakikunja ndani kwa ndani ili vumbi lisitoke.

"Utavaa uchafu mbele ya bantu ya Lubumbashi," alisema.

"Ni uchafu yao," nilimjibu. "Ninabarudishia."

Alhamisi tuliamka barabara imelowa. Kamiyo ya maji ilipita mara tatu kabla ya saa mbili ya asubuhi, dereva akiwa amevaa shati jipya. Kamiyo za mawe zilisimamishwa zote kwenye kona, mstari mrefu, madereva wakilala chini ya magurudumu. Binti yangu alicheza nje bila kukohoa kwa saa nzima. Niliangalia jambo hilo na hasira yangu ikaongezeka, maana hapo niliona kwamba inawezekana.

Mtathmini alikuwa dada kijana mwenye miwani na viatu vya kukimbilia. Kando yake alikaa mkubwa wa sosiete anayehusika na mambo ya jamii, mwenye fulana ya mistari inayong'aa na kofia ngumu kichwani, ingawa ndani ya ukumbi wa parokia hakuna jiwe linaloweza kuanguka. Tuliimba. Yule dada alituuliza tunakaa wapi, na tuliposema avenyu ya kamiyo, alimwomba shefu fomu zaidi. Alisema kila aliyemo ndani atajibu, kwa kuwa kuguswa si jambo la orodha. Shefu alifungua chupa ya sukré, soda iliyowekwa mezani kwa wakubwa, akasahau kuinywa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ni langu.

Karatasi ilikuwa na maswali manane, na chini ya kila swali viduara vitano, moja mpaka tano, bila maneno. Unaandika avenyu yako juu, kisha unapaka wino kwenye duara moja kila swali. Dada alieleza mwanzoni moja ni nini na tano ni nini. Hilo ninaliapa. Lakini alieleza wakati makreti ya sukré yanaingizwa kupitia mlango wa pembeni, na ukumbi mzima uligeuka kuhesabu chupa kama zitatosha. Mimi mwenyewe nilikuwa naangalia kama kuna ya nanasi.

Karatasi zilipofika mikononi, wanawake wa avenyu yetu walinigeukia wote pamoja. Mimi ndiye niliyemaliza sekondari kati yao, diplome yangu iko kwenye fremu, na vumbi juu yake.

"Mama, weye mwenye ulisoma," alisema muuza makala, "tubapatie ngapi?"

Sikusita hata kidogo. Nilikaa kwenye madawati miaka kumi na miwili. Kila mwisho wa muhula mwalimu alisoma majina: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza alipigiwa makofi. Wa mwisho alirudi kwao kwa njia ya nyuma ya nyumba, buletini, karatasi yake ya alama, ndani ya soksi. Kwa hiyo wa tano kati ya watano ni nani? Ni yule wa soksi.

"Tano," niliwaambia. "Kila fasi tano. Bila huruma."

Walipaka. Muuza makala alipaka kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, na akaniomba ruhusa kupaka tano mara mbili. Upande wa pili wa ukumbi nilimwona shefu amesimama nyuma ya watu wake, ameinua kidole kimoja juu kabisa, anawaonyesha: moja, moja, nafasi ya kwanza. Mke wake alipaka moja huku anatabasamu. Nilimdharau sana wakati ule.

Tuliimba nyimbo sita dada akihesabu. Nilipata sukré ya chungwa. Kisha alisimama, akavua miwani, akaivaa tena, akasema kwamba hajawahi kuona matokeo ya namna hii tangu aanze kazi.

Avenyu ya kamiyo, alisoma, imeridhika kwa kiwango cha juu kabisa. Maswali yote manane. Hasa swali la vumbi.

Mkubwa wa sosiete alianza kupiga makofi.

Avenyu ya lami, anayokaa shefu wa mtaa, haijaridhika hata kidogo. Maswali yote manane. Hasa swali la vumbi.

Makofi yalikwisha moja moja. Mkubwa wa sosiete aligeuza kichwa pamoja na kofia yake, polepole, mpaka macho yakafika kwa shefu. Shefu alimgeukia mke wake. Mke wake aligeukia dari. Mtu yule, ambaye mlango wake ulipakwa rangi na sosiete, ambaye shemeji yake ni mlinzi wa sosiete, alikuwa ameipiga sosiete kwa mikono ya ukoo wake mzima. Kwa sekunde chache nilifurahi. Ndipo nikaelewa kwamba wote tulisoma shule moja, yeye na mimi.

Dada aliendelea. Alisema juhudi zinapaswa kwenda mahali penye maumivu. Kwa hiyo anapendekeza kamiyo ya maji ihamishiwe kwenye avenyu ya lami kuanzia Jumatatu, na avenyu yetu ipigwe picha iwe mfano kwa mitaa mingine.

Kumwagilia lami. Niliona kibegi cha maua nyuma ya mlango. Niliona gari la Kapolowe.

Nilisimama. Kusimama mbele ya majirani na kusema kwamba wewe, mwenye diplome kwenye fremu, umewadanganya namba, si kitu kitamu. Nilisema. Nilieleza buletini, nilieleza wa kwanza na wa mwisho. Nyuma yangu muuza makala alisema kwa sauti ya kutosha kwamba yeye angejipakia tu moyo wake ulivyomtuma, na yeye hakufika hata darasa la tano.

Yule dada alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa haki, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake.

"Mama, ninakuelewa," alisema. "Lakini fomu zimeshafungwa. Siwezi kubadilisha maoni ya watu hamsini kwa sababu mtu mmoja amesimama."

"Ni maoni yetu. Sisi njo tunakuambia."

"Najua. Lakini yameshaandikwa."

Mkubwa wa sosiete alishauri mama apewe sukré nyingine.

Basi nilifungua kikwembe. Nilikuwa na sketi chini, padri asihangaike. Nilikishika pembe mbili, nikaenda mpaka mbele ya meza yao, nikakikung'uta kama tunavyokung'uta mkeka, mara tatu. Vumbi la kiangazi kizima lilitoka. Lilitua kwenye fomu, kwenye sukré ya shefu, kwenye kofia ngumu. Dada alikohoa. Alikohoa kikohozi ninachokijua, kikavu, kinachoanzia chini.

"Hii ni nini?" aliuliza, alipopata hewa.

"Ni dirisha yangu," nilisema. "Kuya kwetu uone kwenye ilitoka."

Alikuja. Mkubwa wa sosiete alikuja naye ili, alivyosema, kuhakikisha ukweli. Shefu alikuja kwa sababu aliogopa kubaki na mke wake.

Na tulipofika, nilitaka kulia. Barabara ilikuwa nzuri. Ilikuwa imelowa vizuri, inanukia kama mvua ya kwanza, hakuna hata kamiyo moja inayotembea. Mkubwa wa sosiete alifungua mikono yake kama padri. Alimwambia dada ajionee mwenyewe, hapa ni safi kuliko kwake yeye. Dada aliangalia barabara, akaangalia dirisha langu tupu, akaniangalia. Nikaona mkono wake unaanza kufunga daftari.

Ndipo mama mkwe wangu alipotoka nyumbani na mtoto mgongoni. Hakuwepo parokiani, hakujua lolote la moja wala la tano. Lakini aliona uso wangu, aliona mstari wa kamiyo pale kwenye kona, na aliona kofia ya mgodini. Yeye ni mtoto wa mgodi, anaisoma kofia haraka kuliko mimi ninavyosoma karatasi.

Alisema hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwenye lupango ya marehemu mume wake bila kutia mkono kwenye bukari, ugali wake.

Mkubwa wa sosiete alisema anashukuru sana, ila ana haraka.

"Weye ni mutoto ya nani," mama mkwe alimuuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli, "mwenye anakatala bukari ya mama?"

Alikaa. Kwetu mtu anaweza kukataa kulipa, anaweza kukataa kuamka, lakini swali hilo likishaulizwa kuhusu mama yako, unakaa. Dada alishakaa zamani, alikuwa na njaa. Shefu alikaa mwisho wa meza. Tuliweka meza nje, upande wa barabara, ambapo kwa kawaida hatuweki hata kiti.

Sijawahi kuona bukari ikipikwa polepole namna ile. Mama mkwe aliwasha makala matatu. Alipeta unga ambao ulikuwa umepetwa. Mara mbili aliingia ndani kutafuta mwiko alioushika mkononi. Jua lilikuwa juu, na barabara ilianza kubadilika rangi, kwanza pembeni, kisha katikati. Kwenye kona dereva mmoja alitoka chini ya gurudumu, akajinyoosha, akaangalia saa. Ilikuwa saa nane. Kwa kawaida saa nane wageni wameshakunywa sukré yao na kurudi Lubumbashi.

Bukari ilifika mezani nyeupe, ya mviringo, na sombe, na kapenta, dagaa wa kukaanga. Mkubwa wa sosiete alinyoosha mkono.

"Tuombe," alisema mama mkwe.

Mama mkwe wangu kila siku anaombea chakula kwa maneno manne, maana ana njaa. Siku ile alifumba macho na kuanza kwa Kitshiluba, lugha ya wazazi wake, ambayo hakuna mgeni hata mmoja mezani aliyeijua na kwa hiyo hakuna aliyeweza kukisia mwisho uko wapi. Ninasikia kidogo. Alishukuru kwa unga. Alishukuru kwa treni iliyomleta baba yake. Alimtaja baba yake, na mama yake, na mume wake, na kaka wa mume wake ambaye walikuwa hawapatani. Aliwaombea wageni, wazazi wa wageni, na gari la wageni, tairi zote. Nilifungua jicho moja. Jicho lake moja lilikuwa wazi pia, linaangalia kona.

Injini ya kwanza iliwaka.

Mkubwa wa sosiete aliisikia, nilimwona anatikisika, lakini nani atafumbua macho katikati ya sala ya mama mzee? Mama mkwe aliingia kwa watakatifu. Alikwenda nao taratibu, mmoja mmoja, na wale wawili waliofanana majina akawatenganisha vizuri. Kamiyo ya kwanza ilipita. Ya pili. Walikuwa na mwendo, walishapoteza asubuhi nzima. Nilihesabu saba. Ya saba ilipopita alisema amina.

Tulifumbua macho, ila hatukuonana mara moja. Vumbi lilipotulia kidogo, bukari ilikuwa na rangi ya tofali. Kapenta hazikuonekana. Miwani ya dada ilikuwa sahani mbili nyekundu. Shefu alikuwa amebaki mdomo wazi na akaufunga kwa kuchelewa.

Mtoto wangu alianza kukohoa.

Nilimchukua mgongoni kwa bibi yake nikamweka mapajani. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi, akapumzika, akaanza tena, mwili mzima ukiruka. Dada alivua miwani yake, hakuifuta, aliishika tu mkononi akasikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa ndefu. Kisha akaniuliza ana umri gani, nikamwambia.

"Mukule," mama mkwe aliwaambia. "Chakula inapoa."

Na walikula, kwa sababu walishaombewa. Mkubwa wa sosiete alitafuna, na ulisikia kama mtu anatembea juu ya changarawe. Kila alipotaka kunawa, mama mkwe alimwongezea.

Yule dada aliandika kwa mkono mmoja huku anakula kwa mwingine. Namba hakuzigusa. Mpaka leo kwenye ripoti ile sisi ndio avenyu yenye furaha kuliko zote za Likasi, na shefu wa mtaa ndiye adui mkubwa wa sosiete. Lakini aliongeza ukurasa wa maneno, akausoma kwa sauti pale mezani, na akamuuliza mkubwa wa sosiete kama ana la kusahihisha. Alikuwa na bukari mdomoni. Alitikisa kichwa kwamba hana. Dada akasema basi kamiyo ipite mara mbili kwa siku kama ilivyoahidiwa, na kila ikipita isainiwe kwenye daftari, kwenye nyumba ya mtu wa avenyu, siyo ofisini kwa shefu.

Alinisukumia daftari mimi. Shefu alipinga. Alisema yule mama hajui hata namba ipi ni kubwa.

"Basi atoe alama kama shuleni," dada alisema. "Juu ya ishirini. Hiyo anaijua."

Hiyo ninaijua.

Ijumaa ilipita mara moja, nikaipa saba. Jumamosi ilipita mara mbili. Jumapili baada ya misa niliingia ndani na kukitazama kibegi cha maua. Kilikuwa pale pale nyuma ya mlango, kimejaa, na moyo wangu ulishuka. Nilikifungua. Kilikuwa na vitunguu. Nguo nne zilikuwa zimerudi sandukuni, kikombe mezani, na mdoli alikuwa mikononi mwa mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. Nilikaa karibu naye, nikafungua blauzi, nikamnyonyesha mtoto mchana kweupe.

"Nilijua," alisema. "Muko nafanya makelele, nyinyi babili, nyuma ya choo."

Kikohozi hakijaisha. Kimepungua, sasa ni cha asubuhi tu, na muuguzi ameridhika nusu. Kikwembe nilikifua na kukirudisha dirishani, na mikono miwili inaonekana tena, ingawa mmoja umepauka.

Dereva wa kamiyo ya maji anasimama kila siku langoni, injini ikiunguruma, kusubiri alama. Mwanzoni alidharau. Sasa anabishana kama mwanafunzi.

"Mama, jana kumi na ine, leo tisa. Juu ya nini?"

"Umeruka mbele ya muuza makala."

"Nilimwagia yeye mwenyewe, makala yake yote ililowa."

"Njo maana ni tisa. Ingekuwa nane."

Siku nyingine haji kabisa, na siku hiyo naandika sifuri na kuizungushia wino mwekundu, na nikiwa na muda naongeza: mtoro. Mwisho wa mwezi mkubwa wa sosiete anakuja mwenyewe kuchukua ukurasa, kwa kuwa nakala inakwenda Lubumbashi. Mara ya mwisho alikuja bila kofia. Alisimama nje ya lango akasoma alama toka juu mpaka chini, midomo ikitembea, akauliza kama zile sifuri mbili haziwezi kufikiriwa upya. Nikamwambia kwamba mtoto wake, yule dereva, arudie mtihani.

Mama mkwe alitokea mlangoni na mwiko, akamwita aingie ale.

"Nimekula, mama," alisema haraka. "Kweli, nimekula."

"Haina shida," mama mkwe alimjibu, akimvutia kiti. "Ingia, tuombe tu."